Muulize kipanga amelala saa ngapi

Mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha nne, alikuja kwangu Uyole kwa likizo fupi. Kabla hajaweka begi chini, jirani niliyekuwa nachambua naye maharage akamtazama na kusema, "Huyu ndiye yule kipanga? Mbona kakonda hivyo? Vitabu vinammaliza." Akacheka, na mtoto naye akacheka. Kicheko kile nakijua. Nilikicheka mwenyewe miaka minne.

Nilisoma bweni mkoani Iringa. Baada ya matokeo ya muhula wa kwanza kubandikwa, jina langu lilipotea, nikawa Kipanga kwa wenzangu, kwa walimu, hadi kwa wapishi. Jina lenyewe ni la sifa, la mwanafunzi mwenye akili sana darasani, lakini lilikuja na mambo ambayo sikuyasema mimi: kwamba sisikii usingizi, naringa, siwezi kushika jembe, na kwamba nyumbani kuna baba anayenichapa nikipata B. Baba yangu hakuwahi kunigusa kwa sababu ya shule. Mama aliuza viazi Makambako, na likizo zote nilikuwa shambani naye. Nikifika nyumbani, baada ya salamu ya "kamwene" alichouliza ni kama nimekula.

Lililoniumiza zaidi ni kunyimwa ruhusa ya kutokuelewa. Kidato cha tatu tulipoanza moli kwenye Kemia, sikuelewa kitu. Nilinyoosha mkono, darasa zima likaguna: "Hata wewe?" Mwalimu akatabasamu, akasema namjaribu, akaendelea. Sikuuliza tena. Nilikariri mifano yote ya kitabuni, nikapata A, na moli bado sikuijua. Mwalimu unayesoma hapa, mtoto anayeongoza darasa anapouliza swali, usidhani anakupima. Mjibu kama unavyomjibu wa mwisho.

Kwa kuwa nilikuwa nakariri nisichokielewa, saa zikawa hazitoshi. Prepo, kipindi cha kujisomea usiku, ikiisha nilirudi darasani na tochi, nikapiga msuli mpaka saa nane usiku, miguu imo kwenye beseni la maji ili nisisinzie. Juni ya Iringa, maji yale yalikuwa yanauma kama sindano. Saa kumi na moja kengele inalia. Nilijisifu kwa saa hizo tatu za usingizi, na wenzangu walizihesabu kama ushahidi kwamba kipanga ni kiumbe tofauti. Si kweli. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku, na ni usingizini ndipo ubongo unapoyapanga aliyoyasoma mchana. Kwenye moku, mtihani wa majaribio, ya Hisabati nilisoma swali moja mara nne, maneno yote nayajua, maana haiji. Nikaanguka pale pale. Nilipozinduka metroni alikuwa juu yangu, ananiuliza kwa mshangao wa kweli, "Wewe tena? Si ndiye unayefaulu?" Kwake alama zangu zilikuwa cheti cha afya.

Halafu kuna hadithi ya yule aliyesoma mpaka akarukwa na akili. Sijui bweni lisilokuwa nayo. Kwetu ilisemekana alikuwa akiandika kanuni za Fizikia ukutani kwa mkaa, ingawa sikukutana na hata mmoja aliyemwona. Naichukia hadithi hiyo, kwa sababu binti akianza kulia bila sababu, au kujifungia na kukataa chakula, watu husema ni vitabu vimempanda kichwani, wakamwacha. Ugonjwa wa akili una sababu nyingi, na unatibika. Mpelekeni hospitali kama mnavyompeleka wa malaria.

Kwa wewe unayekesha sasa hivi, nina hesabu moja ambayo ningependa kuambiwa nikiwa na miaka 16. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, A inaanzia alama 75. Aliyepata 76 na aliyepata 98 wote wameandikiwa A. Divisheni inahesabiwa kwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, kila A ni pointi 1, na pointi 7 ndiyo juu kabisa. Hakuna kinachozidi hapo. Mimi nilikuwa nautoa usingizi wangu kutafuta zile alama 20 za juu ambazo hazibadilishi chochote, ili tu nisiporomoke kutoka nafasi ya kwanza ubaoni. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora kitaifa, nami nilifurahi sana. Ila shuleni na kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp bado tunawapanga watoto wa kwanza mpaka wa mwisho, na anayebeba namba moja tunamwongezea mzigo kwa mapenzi mema kabisa.

Usiku ule sikumuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Nilimuuliza shuleni analala saa ngapi. Alikawia kujibu, akasema, "Saa nane usiku, mama mdogo. Siku nyingine saa tisa." Nilimchukulia simu na madaftari nikayaweka chumbani kwangu, nikampa blanketi la pili.

Aliamka saa nne asubuhi. Akanywa uji, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama anayeungama, "Hivi moli hasa ni nini?" Nikaleta ungo wa maharage na bakuli la njegere. Tukahesabu punje mia huku na punje mia kule, akashika kila fungu kwa mkono wake kusikia uzito. Idadi ni ile ile, uzito tofauti. Akayashika tena, akasema, "Kumbe ni hesabu tu, kama dazeni?"

Nikamwambia ndiyo, ni kama dazeni.