Wapimaji wapya, msitajiane dawa

Ninyi mnameza dawa za homeopathi, yaani dawa zilizozimuliwa mno, mkiwa wazima na bila kujua ni dawa gani, mkaandika mnachohisi. Juzi hapa Moshi nimewakuta watatu wenu kwenye benchi, mmeshika chupa zenye namba, mnabishana ndani mna dawa gani. Niliwafokea na sijutii. Wadogo zangu, mkiendelea hivyo mtapoteza kazi ya wiki nzima, kama nilivyopoteza mimi.

1. Kabla ya kidonge cha kwanza, andika siku saba ulivyo: usingizi, choo, ndoto, hedhi, kiungulia. Bila hivyo kila kikohozi cha baridi ya Julai kitahesabiwa kuwa dalili.

2. Kahawa acha. Najua ukipanda Kibosho kumwamkia mzee utawekewa kikombe. Shukuru, omba maji ya moto. Hahnemann, daktari Mjerumani mwanzilishi wa homeopathi, aliipinga kahawa kwa maandishi tangu 1803, na ndiye aliyeanzisha upimaji huu: mwaka 1790, akiwa mzima, alikunywa gome la mti wa kwinini akaona miguu inapoa na moyo unadunda. Lakini yeye alikunywa gome lenyewe, tena kwa wingi. Ninyi mnameza 30C, yaani dawa iliyozimuliwa moja kwa mia, mara thelathini mfululizo, ambamo kwa hesabu ya Avogadro ya idadi ya molekuli hamtarajiwi kubaki hata molekuli moja. Kwa hiyo daftari lako ndilo ushahidi wote tulio nao, na likichafuka hatuna kitu.

3. Usitaje dawa, hata kwa kukisia. Katika upimaji wangu wa pili, mwenzangu wa chumbani aliniambia, "Hii ni Lycopodium, naijua." Usiku ule nikafungua Materia Medica, kitabu kinachoorodhesha dalili za kila dawa. Kesho yake tumbo likajaa gesi, na kila siku likawa linajaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, sawasawa na kitabu. Nikaandika kurasa kumi na moja. Wakati wa chakula nikawasimulia wenzangu wawili, nao wakaanza kuvimbiwa. Hakuna aliyedanganya, tumbo langu liliuma kweli, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Wala sikuandika popote kwamba wiki ile tulikula makande karibu kila jioni. Siku ya kufungua namba, chupa yangu ilikuwa plasebo, vidonge vya sukari tu. Msimamizi akayaweka pembeni madaftari manne, langu likiwa juu, asiseme neno. Nilitoka nje nikalia.

Laiti ningekuwa nimesoma jaribio la homeopathi la mjini Nuremberg, Ujerumani, la 1835. Watu walipewa chupa za namba, nyingine chumvi ya 30C, nyingine maji matupu. Kati ya 50 waliotoa taarifa, 42 hawakuhisi lolote. Wanane walihisi, na watatu kati yao walikuwa wamekunywa maji.

4. Andika saa dalili ilipoanza, na ulichokula.

5. Usipohisi kitu, andika "sijahisi kitu". Daftari la namna hiyo nalipokea kwa mikono miwili.

Ninyi watatu wa benchi, kesho leteni chupa zenu. Mtapewa namba mpya, na kila mmoja atapangiwa msimamizi wake.