Jibu kwa mleta uzi: tumbawe laini la Msimbati ni spishi mpya?

Mkuu, umeweka picha za tumbawe laini la zambarau kutoka mwamba wa Msimbati, Mtwara, unauliza kama ni spishi mpya na jina linatolewaje. Kwa picha peke yake hakuna wa kukujibu, na atakayekuambia "ndiyo" haraka mwogope. Matumbawe haya hubadili umbo kufuata mawimbi, kina na mwanga. Koloni (kundi la wanyama wadogo, polipi, walioungana mwili mmoja) lililochanua na lilelile likijikunja utadhani ni wanyama wawili. Kinachotambulisha ni skleraiti, vile vipande vidogo vya chokaa vilivyofichwa ndani ya nyama.

Kwanza kibali. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Bila ruhusa ya hifadhi na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) usikate hata kipande.

Jenasi unaweza kuikisia ukiwa majini. Angalia polipi: zile kubwa zina minyiri minane yenye vitawi kama unyoya, lakini je, kati yake kuna vidoto vya polipi ndogo zisizo na minyiri? Vikiwepo, na koloni lina shina na kofia ya uyoga, fikiria Sarcophyton. Likiwa na matuta au vidole juu ya shina fupi, Lobophytum. Vidoto visipokuwepo na nyama inakwaruza kidole, huenda ni Sinularia. Likiguswa polipi za kahawia zikazama na koloni likabaki jeupe, tazama Cladiella.

Piga picha likiwa limechanua na likiwa limejikunja, rula ikiwa pembeni, andika kina na tarehe. Kisha kata kabari kutoka ncha hadi kitako. Wengi hunyofoa ncha tu, na hapo kazi imeharibika kabla ya kuanza, kwa sababu skleraiti za kitako ndizo zinazotenganisha spishi nyingi. Hifadhi kwenye ethanoli ya 70%: mililita 730 za ethanoli ya 96%, ongeza maji safi hadi lita moja. Ethanoli iwe angalau mara tatu ya ujazo wa nyama, ibadilishe kesho yake, na kitako kinene kipasue ili ipenye. Kipande cha sentimita moja weka peke yake kwenye ethanoli ya 96% au zaidi kwa ajili ya DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Fomalini usiguse: ina asidi, na asidi hula chokaa. Utabaki na nyama isiyo na ushahidi.

Sasa skleraiti. Chukua vipande vya ukubwa wa punje ya mchele kutoka sehemu tano, kila kimoja neli yake: polipi, ngozi ya juu, ndani ya tawi, ngozi ya kitako, ndani ya kitako. Tia jiki ya kawaida isiyo na manukato, dirisha likiwa wazi, na kamwe usichanganye na siki wala ndimu, maana hutoa gesi ya klorini. Itatoa mapovu, yakiisha, nyama imeyeyuka na mchanga mweupe umetulia chini. Nyonya jiki kwa pipeti polepole, tia maji yaliyotoneshwa (distilled), subiri itulie, rudia mara tano au sita, malizia na ethanoli. Wenye haraka huruka hatua hii, halafu fuwele za chumvi zinakauka kwenye slaidi na wao wanazichora kama skleraiti za ajabu. Ukitikisa kwa nguvu, ndefu zinavunjika na vipimo vinakuwa vya uongo.

Chini ya hadubini, Sinularia huonyesha virungu vidogo kwenye ngozi na, ndani ya kitako, vijiti vinene vilivyochongoka ncha mbili, vingine vikionekana kwa macho. Lobophytum ndani ya kitako ina mapipa yenye mikanda ya vinundu. Pima angalau 20 za kila aina, kila sehemu. Urefu wa kirungu kimoja hausemi kitu.

Kazi ngumu kuliko zote ni kulinganisha. Mkusanyaji Stuhlmann alikusanya matumbawe laini ya pwani yetu mwaka 1889, mtaalamu May akayaeleza kwa ajili ya makumbusho ya Hamburg; Crossland akakusanya Zanzibar mwaka 1901 na 1902, Thomson na Henderson wakayaeleza mwaka 1906. Maelezo ya zama hizo mara nyingi ni mafupi mno, kwa hiyo inabidi skleraiti za kielelezo chenyewe cha awali, kilichohifadhiwa makumbusho, zitazamwe upya. Mtaalamu Verseveldt aliipitia Sinularia yote hivyo mwaka 1980, Sarcophyton 1982, Lobophytum 1983. Anzia hapo. "Mpya" nyingi hufia hatua hii.

DNA inasaidia ila isikupumbaze. Jeni ya mitokondria iitwayo mtMutS hutumika sana, lakini DNA ya mitokondria ya kundi hili hubadilika taratibu mno, hivyo spishi mbili zinaweza kulingana kabisa. Ongeza 28S, jeni ya kwenye kiini cha seli.

Ikibaki kuwa mpya kweli, andiko lazima liseme wazi kuwa ni spishi mpya, litaje holotaipu moja (kielelezo kinachobeba jina la spishi) na makumbusho inapohifadhiwa, na likitoka kwa njia ya kielektroniki pekee lisajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama. Jina likitupwa humu jukwaani halihesabiki.

Kwa sasa, weka picha ya polipi kwa karibu, na utuambie kama zambarau ilibaki kwenye ethanoli. Ikibaki, rangi iko ndani ya skleraiti zenyewe, na orodha ya kulinganisha inapungua sana.