Dokumentari yetu itatazamwa na nani?

Shikamoo anti. Sisi ni wanafunzi wa Bagamoyo, tunatengeneza dokumentari ya dakika 15 kuhusu vijana na mitandao ya kijamii, tunarekodi kwa simu. Sauti za ufukweni zinavuma upepo tu, na hatujui tuitangazeje maana bando lenyewe la kuungaunga.

Marahaba wanangu, hongereni sana! Anzeni na sauti, mtu atavumilia picha yenye giza ila sauti mbovu ataifunga hapohapo. Mkihoji watu kwenye soko la samaki mwekeni mhojiwa ukuta ukiwa mgongoni kwake, maiki ya earphone ibaneni kwenye kola mfunike kwa kitambaa chepesi, na kabla hamjaondoka sikilizeni mlichorekodi, msisubiri kufika nyumbani. Simu ilazeni, ya kusimama ni kwa klipu za TikTok.

Kitu kingine, na hapa nawasihi kabisa, msichukue posti ya binti wa watu mkaiweka humo bila yeye kukubali, hata kama iko wazi kwa kila mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na aliyeumizwa mtandaoni mara moja asiumizwe tena na nyie. Akiwa mtoto, ombeni ruhusa kwa mzazi wake.

Kutangaza: kateni klipu ya sekunde 30, ianze na maneno ya mtu, siyo majina yenu. Statasi ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24 kwa hiyo rudieni, halafu ombeni TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo pale pale mjini, wawape ukumbi jioni moja, wazazi waje watazame bila bando.