Kumuwaza mtu mchana kutwa si ishara kwamba naye anakuwaza

Hapana, si kweli kwamba ukishindwa kuacha kumuwaza mtu basi naye anakuwaza. Ni ubongo wako mwenyewe, na kinachouchochea zaidi ni kutokuwa na uhakika. Leo anajibu meseji papo hapo, kesho tiki za buluu tangu asubuhi na kimya. Zawadi isiyo na ratiba humfanya mtu achungulie simu tena na tena kuliko ile inayokuja kila mara.

Kujikataza nako huzidisha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, wakigonga kengele kila akiwajia. Walishindwa, na waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni.

Kwa hiyo usipigane na wazo. Sema tu "nimemkumbuka tena", kisha urudi kwenye ulichokuwa ukifanya. Nyamazisha stetasi zake, na uache kuangalia alionekana lini mara ya mwisho, kwani kila ukichungulia unalisha mazoea yaleyale. Saa ngumu ni ile matatu imekwama kwenye foleni Thika Road na akili haina kazi. Mpigie mtu mwingine, au sikiliza kitu kinachohitaji umakini.

Ila kama hulali, huli au kazi imekushinda kwa zaidi ya wiki 2, muone mshauri nasaha. Mawazo yanayong'ang'ania yanaweza kuwa sonona au wasiwasi, na yote mawili yanatibika.