Maswali na Majibu: Kabla ya Bei, Niambie Kosa Lilitokeaje

Maswali kuhusu sarafu ni mengi tena, na zaidi ya nusu yana maneno mawili tu: "Bei gani?" Picha imepigwa gizani, upande mmoja, mwaka hausomeki, uzito haujatajwa. Hayo nimeyaweka kando. Sarafu yenye kosa haina bei mpaka ijulikane kosa lenyewe liliingiaje: ndani ya kiwanda cha serikali, au mikononi mwa mtu baadaye.

Shikamoo mzee. Sarafu yangu maandishi yake yanaonekana mara mbili. Mtandaoni nimeona kama hiyo inauzwa mamilioni. Nimuuzie nani?

Marahaba. Usimuuzie mtu kwanza, itazame. Kuna kujirudia kwa namna mbili, na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza inazaliwa kwenye muhuri, yaani kile chuma kilichochorwa kinachoipiga sarafu. Zamani muhuri mpya ulikandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja ili mchoro uzame vizuri. Ukisogea kidogo kati ya pigo moja na jingine, unabaki na michoro miwili, na kila sarafu inayotoka hapo inabeba kosa lilelile. Mfano unaojulikana dunia nzima ni senti ya Marekani ya 1955, iliyopigwa Philadelphia. Zilizoingia mikononi mwa watu zinakadiriwa kuwa 20,000 na kidogo. Chukua lenzi inayokuza mara kumi uitazame tarakimu ya 5. Utaona mbili, kila moja imejaa na ina mviringo wake, na pale ncha zinapoachana pana mpasuko mdogo kama wa ulimi wa nyoka.

Namna ya pili ni ya muhuri uliolegea. Umekwisha kupiga, ukatikisika, ukaikwangua sarafu wakati wa kuachana nayo. Hapo hakuna herufi pacha. Kuna ngazi bapa inayong'aa kando ya herufi, na herufi yenyewe imekonda kwa sababu sehemu ya mwili wake imesukumwa chini. Hiyo ni kawaida mno, wala haiongezi kitu. Picha nyingi ninazoletewa ni za namna hii ya pili, na inaniuma kuona mtu amekwisha kupanga matumizi ya pesa ambazo hazipo.

Na hayo mamilioni uliyoyaona ni bei aliyoiandika mwenye kuuza. Yeyote anaweza kuandika tarakimu yoyote. Tafuta orodha ya zilizokwisha kuuzwa, uone minada ilifungwa kwa kiasi gani, na iwe zaidi ya mnada mmoja. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Nimeisugua kwa dawa ya meno ikang'aa kabisa. Thamani imepanda kwa kiasi gani?

Imeshuka, na hairudi. Ule weusi ulikuwa ngozi ya sarafu.

Nina senti ya Marekani ya 1943, rangi ya shaba. Ndiyo ile adimu?

Mwaka ule shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti zikapigwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia, yaani vipande vya mviringo ambavyo havijapigwa mchoro, vikaingia mashineni kwa bahati mbaya, na hizo ndizo zinazotafutwa. Anza na sumaku. Ikinaswa, ni senti ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba, na swali limekwisha. Isiponaswa, usishangilie bado: ipime. Ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma ni kama 2.7. Kisha itazame ile 3. Wako walaghai wanaochukua senti ya 1948 na kuikata 8 iwe 3. Ya kweli mkia wake unashuka chini kuliko tarakimu jirani. Ikivuka yote hayo, ndipo uipeleke kwa wataalamu.

Sarafu yangu ina vichwa pande zote mbili.

Karibu kila mara ni sarafu ya mazingaombwe: mbili zimechongwa zikapachikwa pamoja. Pitisha ukucha kwenye ukingo kwa ndani, utakuta ufa mwembamba. Ukiidondosha mezani, sauti yake ni butu.

Yangu imemeguka ukingoni kama imeumwa na meno. Nitajuaje kama ni ya kiwandani?

Hili ndilo swali nililolisubiri. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu la madini. Bamba lisiposogezwa vya kutosha, kikataji kinaangukia sehemu ya tundu lililokatwa awali, na kisahani kinatoka na pengo la mviringo. Sasa, kabla ya kupigwa, kisahani hubanwa pembeni ili ukingo uinuke. Penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo hata upande unaokabiliana nalo haubanwi sawasawa. Weka kidole kwenye pengo, nenda moja kwa moja mpaka ng'ambo ya pili: mara nyingi ukingo pale umefifia. Aliyekata kwa mkasi au tupa hawezi kuileta alama hiyo, na utaona pia mikwaruzo yake na herufi zilizokatwa ghafla.

Peni 20 yangu ya Uingereza haina mwaka. Mbona wanunuzi wananipa kidogo?

Kosa lako ni la kweli. Mwaka 2008 michoro ilibadilishwa, mwaka ukahamishiwa upande wa kichwa, na kwa makosa kichwa cha zamani, kisicho na mwaka, kikaunganishwa na mgongo mpya, yaani upande wa pili, usio nao pia. Lakini kiwanda chenyewe kilikadiria zilizotoka kuwa kati ya 50,000 na 200,000. Ndiyo maana zinauzwa kwa makumi ya pauni. Linganisha na ile sarafu ya Marekani ya 2000 yenye kichwa cha robo dola na mgongo wa dola: zinazojulikana ni kama 20 tu, nazo hufika makumi ya maelfu ya dola.

Niipeleke wapi ikapimwe?

Kampuni kama PCGS na NGC huithibitisha na kuipa daraja la ubora, kuanzia 1 hadi 70. Hulipisha, na ada yaweza kuizidi sarafu yenyewe, kwa hiyo waonyeshe kwanza wafanyabiashara wawili wasiojuana. Anayeikadiria asiwe ndiye anayeinunua. Na mtu asiyekujua akikutumia ujumbe kwamba ataichukua kwa bei kubwa, ila utangulize "ada ya usajili", huyo ni mwizi; usimjibu.

Mnaoniandikia wiki ijayo: pande zote mbili, mwanga wa mchana, bila flashi, na uzito kwa gramu hadi nukta mbili.