Ukitaka kuielewa ribosomu, anzia inakozaliwa

Nimefundisha biolojia ya seli kwa muda wa kutosha kujua wanafunzi wanakwama wapi. Si kwenye mitokondria, wala kwenye utando wa seli. Wanakwama kwenye kile kidoti kinachochorwa ndani ya seli na kuandikiwa pembeni "hutengeneza protini", kisha ukurasa unafunuliwa. Mtihani ukiuliza "vipi?", kalamu zinasimama.

Ushauri wangu ni huu: usianze na kazi ya ribosomu, anza na jinsi inavyoundwa. Ribosomu ya binadamu ina vipande viwili, kikubwa na kidogo, na ndani yake mna molekuli 4 za RNA (nyuzi zinazoandikwa kwa herufi A, U, G na C) pamoja na protini 80 hivi. Wengi wakisikia hesabu hiyo hudhani protini ndizo zinazochapa kazi, na RNA imewekwa kuzishikilia tu. Ni kinyume. Pale hasa asidi amino, yaani matofali ya protini, zinapounganishwa pamejengwa kwa RNA. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2000, umbo la kipande kikubwa cha ribosomu ya arkea (kiumbe cha seli moja kinachofanana na bakteria kwa umbo) lilipochorwa kwa undani, na mwaka 2009 Ada Yonath, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya ribosomu. Kwa hiyo, ukipotea, ifuate RNA.

Chukua kalamu. Chora kiini cha seli, na ndani yake duara lililokolea: hiyo ni nyukleoli. Jeni za RNA ya ribosomu, ambazo kwetu sisi binadamu zimekaa kwenye kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, hunakiliwa hapo kuwa uzi mmoja mrefu, nao hukatwakatwa hadi zibaki RNA 3. Ya nne, iliyo fupi, hunakiliwa kutoka kromosomu 1 na kuletwa hapohapo.

Sasa jiulize swali ninalolipenda kuliko yote: protini za ribosomu zinatengenezwa wapi? Karibu kila mtu hujibu "kwenye nyukleoli". Hapana. Zinatengenezwa nje ya kiini, na ribosomu zilizokwisha kuwapo, halafu zinaingia ndani kupitia matundu ya utando wa kiini ili zishikane na RNA. Kisha vile vipande viwili hutoka, kila kimoja kivyake, kwenda kukamilishwa kwenye saitoplazimu. Chora mishale mitatu: RNA mjumbe (nakala za jeni zenye maelekezo ya kutengeneza protini) zikitoka, protini zikiingia, vipande vikitoka. Mwanafunzi aliyeichora mishale hiyo kwa mkono wake simwoni akiisahau. Protini zaidi ya 200 husaidia katika ujenzi huu bila kubaki ndani ya ribosomu yenyewe, na bado seli moja ya hamira inayokua kwa kasi hutoa ribosomu kama 2,000 kwa dakika. Ni gharama kubwa mno, ndiyo maana seli yenye njaa huanza kubana matumizi hapo.

Kuhusu zile namba zenye herufi S ambazo vitabu huzitaja ribosomu kwazo, usizijumlishe. Ribosomu ya bakteria ni 70S, vipande vyake ni 50S na 30S. Yetu ni 80S, ya 60S na 40S. S hupima kasi ya kuzama kitu kinapozungushwa kwa nguvu kwenye mashine, na kasi hiyo hutegemea uzito na umbo pia. Basi, songa mbele.

Kazi yenyewe jifunze kwa mfano mfupi sana. Andika kwenye karatasi RNA mjumbe hii: AUG GCU UUU UAA. Chora nafasi tatu za ribosomu, E, P na A, kutoka kushoto kwenda kulia. RNA mbebaji (inayoleta asidi amino) ya kwanza, yenye methionini, inakaa P juu ya AUG. Ya pili, yenye alanini, inaingia A juu ya GCU. Hapa simama. Wengi huandika kwamba alanini inahamia kwenye methionini. Sivyo: methionini ndiyo inayoachia mbebaji wake na kuhamia kwa alanini. Mnyororo wote hupokewa na mgeni, kila hatua, hata ukiwa na asidi amino 300. Kisha ribosomu inasogea herufi tatu, mbebaji mtupu anajikuta E na kutoka, na A inabaki wazi kwa fenilalanini. Ikifika UAA hakuna mbebaji wa kuisoma. Inaingia protini maalumu, mnyororo unakatwa, vipande viwili vinaachana. Ukifanya hivyo polepole kwa kidole, kumbuka kwamba bakteria anaweza kuunganisha asidi amino kama 20 kwa sekunde.

Ukishazijua nafasi hizo, jipime kwa dawa. Tetrasaiklini huziba njia ya mbebaji kuingia A. Erithromaisini huziba mfereji ambao mnyororo hupitia kutoka. Streptomaisini huifanya ribosomu isome vibaya. Zinawalenga bakteria kwa sababu ribosomu zao hazifanani kabisa na zetu za saitoplazimu. Ila mitokondria zetu zina ribosomu zake, zenye asili ya kibakteria, na kuna watu wenye badiliko la herufi moja kwenye RNA ya ribosomu hizo ambao wanaweza kupoteza usikivu wakipewa dawa za jamii ya streptomaisini. Herufi moja tu, na ni ya RNA, si ya protini.

Jaribio la mwisho ninalolitoa ni la seli nyekundu ya damu. Ikitoka kwenye uboho ikiwa changa huwa bado na mabaki ya ribosomu, na maabara huyapaka rangi ya buluu ili kuhesabu seli changa ni ngapi. Baada ya siku moja au mbili mabaki hayo huisha. Seli hiyo huishi siku 120 hivi. Nieleze kwa nini haiwezi kujitengenezea ribosomu nyingine. Anayejibu "haina kiini" nampa nusu ya alama. Nusu nyingine nampa akinionyesha kwamba hata ingerudishiwa kiini chenye nyukleoli nzima, protini za kujengea zingekosa wa kuzitengeneza.