Usiuze sola, uza bili: kwa dalali anayeanza kazi

Ukiingia kwenye udalali wa nyumba siku hizi, muda si mrefu utakabidhiwa nyumba yenye paneli za sola juu ya paa na tangi la maji ya mvua uani, na mwenye nyumba atasisitiza uandike kwenye tangazo kwamba ni nyumba rafiki kwa mazingira. Mnunuzi makini ataipita sentensi hiyo bila kuisoma. Asiye makini ataiamini, kisha akishahamia atakupigia simu kulalamika. Katika miaka yangu ya kazi hii, kilichowashawishi wanunuzi ni bili.

Kwa hiyo kabla hujapiga picha hata moja, muombe muuzaji bili za umeme na maji za miezi 12 mfululizo. Usikubali ya mwezi mmoja, maana atakuletea ule uliokuwa mzuri. Penye mita ya kulipia kabla, ujumbe wa manunuzi ya uniti huwa umebaki kwenye simu, nao unatosha. Muulize pia nyumbani wanaishi watu wangapi na nani anashinda hapo mchana. Bili ndogo ya mtu mmoja anayeondoka alfajiri na kurudi usiku haimwambii chochote mama mwenye watoto wanne.

Bili zikishapatikana, tazama nyumba yenyewe kabla ya vifaa. Hapa ndipo madalali wengi wapya wanapopita mbio, na mimi naona ndipo penye thamani kubwa kuliko zote. Nyumba imekaaje? Katika maeneo ya joto, nyumba nzuri huelekeza kuta zake fupi mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huwa chini na hupenya dirishani hata kama paa limetokeza nje. Nenda kuitazama saa tisa au saa kumi alasiri. Ingia chumba cha magharibi, weka kiganja ukutani, kisha kinyanyue karibu na dari. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana usikie kama upepo unapita. Mwombe fundi afungue kifuniko cha dari amulike ndani: kuna tabaka la kuzuia joto, au ni bati tupu? Tabaka likiwepo, liwe kavu na lienee kote. Likilowa au likikandamizwa, linapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Kwenye nchi za baridi unakagua tabaka hilohilo, ila unaongeza mianya ya milango na madirisha inayopitisha hewa.

Mti wenye kivuli upande wa magharibi, paa la rangi nyeupe, baraza pana: hivi havina inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) ya kuungua, na muuzaji mara nyingi hata havitaji. Vitaje wewe.

Sola sasa. Swali la kwanza ni la umiliki. Paneli zimeshalipiwa, zina mkopo, au ni za kampuni iliyozikodisha? Kama kuna deni, mnunuzi alijue kabla ya mkataba kuandikwa, na mkataba useme nani atalimaliza. Nimeona mauzo yakivunjika siku ya kusaini kwa sababu jambo hili liliibuka hapo mezani.

Swali la pili ni umri, na usikubali jibu moja kwa mfumo mzima. Paneli nyingi huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, na uwezo wake hushuka kwa takriban nusu asilimia kila mwaka. Inveta kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Betri za asidi hudumu miaka 3 hadi 5 hivi, za lithiamu zinaweza kufika 10 na zaidi zikitunzwa. Muuzaji akikuambia mfumo una miaka tisa, maana yake paneli bado zina maisha marefu, inveta inakaribia kubadilishwa, na betri za asidi kama hazijawahi kubadilishwa basi zimekwisha. Mwelezee mnunuzi hivyo hivyo.

Kisha simama mbele ya inveta. Nyingi zina kioo kidogo kinachoonyesha jumla ya uniti zilizozalishwa tangu zifungwe. Chukulia paneli za kilowati 3 mahali penye saa tano za jua kali kwa siku. Kwenye karatasi ni uniti 15, lakini joto, vumbi na upotevu wa njiani vikishachukua chao, zinabaki kama 12. Kwa mwaka ni zaidi ya 4,000, kwa miaka mitano karibu 22,000. Kioo kikisoma 9,000, uliza. Huenda kuna kivuli. Huenda inveta ilibadilishwa na hesabu ikaanza upya. Huenda mfumo haujaungwa na gridi, na betri zikijaa umeme wa ziada hauna pa kwenda. Kila jibu lina athari tofauti kwenye bei, na muuzaji mkweli atalijua lake.

Angalia na paa lililobeba paneli. Bati lililochoka likihitaji kubadilishwa, paneli zitashushwa na kupandishwa tena kwa gharama ya mnunuzi. Tafuta alama za maji kwenye dari chini ya pale vishikizo vilipotobolewa. Halafu tazama kwa jirani: mti unaokua, au kiwanja kitupu kinachoweza kupandishwa ghorofa. Paneli zilizoungwa kwa mfuatano zinaweza kupoteza umeme mwingi kwa kivuli kinachogusa chache tu kati yake.

Upande wa maji hesabu ni rahisi na wanunuzi wanaipenda. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 2,000, ukitoa kidogo kwa yanayomwagika. Pima paa na ukubwa wa tangi uone kama vinalingana, na ufuate mifereji hadi mwisho, kwa kuwa tangi kubwa lililoungwa na upande mmoja tu wa paa litabaki nusu tupu. Uliza kama kuna njia ya kumwaga yale maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kuvuja usikuulize, kutafute. Funga bomba zote, nenda kwenye mita, tazama kile kigurudumu kidogo kwa dakika chache. Kikizunguka, maji yanatoroka mahali. Chooni, dondoshea rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi na usilibonyeze kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, linavuja. Vyoo vya zamani vilimwaga lita 13 au zaidi kila mara, vya kisasa 6 au pungufu, kwa hiyo tofauti hii itaje kwenye tangazo.

Balbu za LED ni nzuri lakini usizipandishie bei, mnunuzi anaweza kuziweka mwenyewe kesho.

Cheti kikitajwa, kishike mkononi. Cha EDGE, cha majengo yanayookoa nishati na maji, kinachosimamiwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia, kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji, na kwenye hewa ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina vyeti vya nishati, mara nyingi vya madaraja ya A hadi G, ambavyo havizidi miaka 10. Soma tarehe na anwani. Bila karatasi, neno "imethibitishwa" lisiwepo kwenye tangazo lako.

Kwenye bei ndipo utakapobanwa na muuzaji. Anakumbuka kila shilingi aliyotoa na anataka irudi yote. Mwambie kwa heshima: "Mama, ile hela ilinunua miaka yote ya huu mfumo. Sita umeshaitumia wewe, tunauza iliyobaki." Mara nyingi hilo linaeleweka, hasa ukimwekea bili zake mezani.

Siku ya kukabidhi funguo, kabidhi na haya: nywila ya programu ya inveta, karatasi za dhamana, mchoro wa nyaya kutoka kwa fundi, na tarehe ya mwisho tangi liliposafishwa. Dhamana nyingine hazimfuati mwenye nyumba mpya mpaka kampuni iarifiwe kwa maandishi, na baadhi huweka ukomo wa siku za kufanya hivyo. Barua hiyo iandike pamoja na muuzaji kabla hajahama.